Hema Lililokuwa Msikitini: Waislamu wa Kale na Huduma kwa Wagonjwa



Tukiwauliza watoto wetu wa madrasa wataje mambo makubwa waliyofanya Waislamu wa kale, watataja Badr, watataja kufunguliwa kwa Makka, na wakubwa kidogo watamtaja Salahuddin na Quds. Ni majibu mazuri. Lakini hatujasikia mtoto akitaja bakuli lenye kifuniko, wala kipepeo cha ukili, wala hema la bibi mmoja lililosimamishwa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Kosa si la watoto. Sisi walimu tumewasomesha historia ya panga zaidi ya historia ya kitanda cha mgonjwa, na familia nyingi zimepokea hivyo hivyo. Kwa hiyo mara hii tumeonelea tuandike juu ya historia hiyo nyingine, inayowahusu watu waliochagua kuwahudumia wagonjwa na kuwaliwaza wakiitaraji radhi ya Mola wao.

Tuanzie Madina, mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627 Miladia, wakati wa vita vya Khandaq. Sa'd bin Mu'adh (r.a.), kiongozi wa kabila la Aws, alipigwa mshale mkononi ukakata mshipa mkubwa. Damu ilikuwa haizuiliki kwa urahisi. Mtume (s.a.w.) akaamrisha awekwe katika hema lililokuwa msikitini ili awe karibu naye, aweze kumtembelea. Na hema hilo lilikuwa la nani? Wapokezi wametutajia jina: Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam.

Vyanzo vya mwanzo vimesema machache sana juu ya Bibi Rufaida, na ni bora kutosheka na hayo machache kuliko kuyaongeza chumvi kama wafanyavyo baadhi ya waandishi. Ibn Ishaq ametueleza kuwa alikuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba alijitoa nafsi yake kumhudumia kila Muislamu aliyekuwa hana wa kumwangalia, akitaraji malipo kwa Allah. Tulizingatie jambo hilo. Mwenye mke, mama au watoto wa kumwangalia alikuwa na pa kukimbilia. Bibi huyu alimchagua yule asiye na mtu. Neno la Kiarabu lililotumika kwa nia yake linatokana na ihtisabu, yaani mtu kuifanya kazi huku hesabu yake ameiweka kwa Mola wake, wala hamdai mwanadamu.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita kwenye hema hilo asubuhi na jioni, akimuuliza Sa'd ameamkaje na ameshindaje, naye Sa'd akimpa khabari zake. Ni swali tunalolitoa sote mara nyingi kwa siku bila kusubiri jibu. Hapa jibu lilisubiriwa. Na Sa'd hakupona. Jeraha lilifunguka tena, akafariki kutokana nalo. Kwa hiyo ukipima kazi ya Bibi Rufaida kwa kipimo cha kupona tu, utasema alishindwa. Hakuna hata mmoja katika wanazuoni aliyeisoma khabari hii hivyo.

Wala hakuwa peke yake. Ummu Atiyya (r.a.) ametusimulia kuwa alitoka na Mtume (s.a.w.) katika safari saba za vita, akibaki nyuma penye mizigo, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) naye alitaja kuwa wao wanawake walikuwa wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu waliojeruhiwa na kuwarudisha Madina waliouawa. Wasichana wetu wanaosomea uuguzi, na wapo wengi siku hizi alhamdulillah, wajue kuwa kazi yao ina nasaba.

Baada ya zama za Mtume (s.a.w.) jambo hili likaanza kuingia katika mambo ya dola. Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, ametajwa na Tabari kuwa aliwapa wakoma posho na kuwakataza kuombaomba, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumshika mkono. Kisha zikaja nyumba maalumu za wagonjwa, zilizoitwa kwa neno la Kiajemi bimaristan, yaani mahali pa mgonjwa, ambalo watu wa mitaani walilifupisha likawa maristan. Baghdad ilikuwa nazo kadhaa. Iliyovuma zaidi ni ile ya Adud al-Dawla, iliyofunguliwa 982 na kuwekwa matabibu 24. (Mara nyingi husimuliwa kuwa tabibu mkubwa al-Razi ndiye aliyeichagulia kiwanja kwa kutundika vipande vya nyama mitaani na kuangalia kipi kimechelewa kuoza. Hadithi tamu, ila al-Razi alikwisha fariki miongo kadhaa kabla ya nyumba hiyo kujengwa. Wanafunzi wasiiandike katika mitihani yao.)

Tuhamie Damascus. Nuruddin Mahmud bin Zangi aliuchukua mji huo 1154, na miongoni mwa mambo aliyoyafanya ni kujenga bimaristan iliyobeba jina lake, al-Nuri. Jengo lake lilidumu karne kwa karne, na 1978 likafanywa jumba la makumbusho ya tiba. Mwaka 1184 alipita hapo msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, akitokea hija, akatuandikia alichokiona. Alikuta wasimamizi wenye madaftari, yameandikwa majina ya wagonjwa na gharama ya dawa na chakula anachohitaji kila mmoja. Matabibu walifika asubuhi mapema kila siku, wakawapitia wagonjwa, wakaamrisha kila mtu atengenezewe dawa na chakula kinachomfaa. Gharama ya siku ilikuwa karibu dinari 15. Ibn Jubayr akazihesabu nyumba kama hizi kuwa ni katika mambo ya Uislamu ya kujivunia.

Ametaja pia kuwa wenye wazimu walikuwa na namna yao ya matibabu, nao wamefungwa minyororo. Hatuoni sababu ya kulificha hilo. Historia ikisimuliwa kwa watoto bila minyororo yake, wataigundua minyororo siku moja wenyewe, na siku hiyo hawataamini hata yale ya kweli tuliyowaambia.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe, na hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka.

Alikuwapo kijana wa Kituruki wa nyika za Qipchaq, aliyeuzwa utumwani akaletwa Misri. Kwa uzuri wa umbo lake alinunuliwa kwa dinari 1,000, hata akaitwa al-Alfi, yaani wa elfu. Jina lake Qalawun. Watumwa wa namna hiyo, Mamluki, walifundishwa dini na vita, wakaachwa huru, na baadhi yao wakapanda daraja mpaka wakawa watawala wa nchi. Mwaka 1276 hivi Qalawun, akiwa bado amiri katika jeshi la Sultani Baybars, aliugua Damascus msokoto mkali wa tumbo. Matabibu wakamtibu kwa dawa zilizotoka bimaristan ya Nuruddin. Akapona. Akapanda farasi akaenda kuiona nyumba iliyomponyesha, ikamstaajabisha, akaweka nadhiri kuwa Allah akimpa ufalme atajenga mfano wake.

Mwaka 1279 akawa sultani. Nadhiri ikamdai.

Mahali palipochaguliwa ni katikati ya Cairo, katika njia kuu baina ya majumba ya zamani ya Fatimiyya. Palikuwa na kasri lililokuwa mkononi mwa binti wa ukoo wa Ayyubi. Akapewa kasri jingine badala yake. Ujenzi akakabidhiwa amiri mmoja aitwaye Sanjar al-Shuja'i, mtu mkali asiye na mchezo. Mwanahistoria al-Maqrizi anasema al-Shuja'i aliwakusanya mafundi wote wa Cairo na Fustat akawazuia wasimfanyie mtu mwingine kazi. Alitia kazini wafungwa 300. Alizibomoa nguzo na marumaru za ngome ya kisiwa cha Rawda akazileta. Zaidi ya hayo, wapita njia walikuwa wakishikwa, hata aliyepanda mnyama akateremshwa, wakabebeshwa mawe. Ilikuwa shokoa hasa. Watu wakaacha kupita njia ile.

Kwa namna hiyo jengo lote, yaani bimaristan, madrasa na kaburi la sultani, likakamilika baina ya 1284 na 1285, kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Ukilitazama hata leo utashangaa vipi liliwezekana kwa muda mfupi kiasi hicho. Jibu ni hilo tulilolitaja.

Wanazuoni hawakunyamaza. Watu waliandika swali: je, inafaa kuswali katika madrasa iliyojengwa hivi? Baadhi ya mafaqihi wakajibu kuwa haifai, na watu wakawa wanaiepuka. Al-Maqrizi mwenyewe, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, hakuiona fatwa hiyo kuwa imetimia. Aliuliza kwa uchungu ni jengo gani la watawala, kabla au baada ya hapo, lililosalimika na dhulma ya aina hiyo, ingawa wengine walizidi wengine.

Sisi tunaona kuwa mafaqihi wale wanastahiki kutajwa pamoja na matabibu katika khabari za nyumba hii. Walikuwa wanaona kwa macho yao kitu cha kheri kikisimama, dawa za bure kwa maskini, na bado wakauliza jiwe limebebwa na nani. Anayetaka kumhudumia mgonjwa kwa ajili ya Allah hawezi kuanza kwa kumvunja mgongo mzima wa mtu mzima. Ulikuwa ni mjadala wa watu wanaoiheshimu huduma, si wa watu wanaoichukia.

Lakini tazama sasa kilichoingia ndani ya jengo hilo lilipofunguliwa.

Siku ya ufunguzi, anasimulia al-Maqrizi, sultani aliletewa kikombe cha kinywaji cha nyumba ile akakinywa, akatangaza kuwa ameiwakifia watu walio kama yeye na walio chini yake: mfalme na mtumwa, askari na amiri, mkubwa na mdogo, huru na asiye huru, wanaume na wanawake. Yeye aliyekuwa amenunuliwa kwa dinari 1,000 aliwataja watumwa. Labda ilikuwa desturi ya maandishi tu, labda alikumbuka alikotoka. Kila mmoja na aifasiri atakavyo.

Kumbi zilipangwa kwa maradhi. Wa homa mahali pao, wa macho mahali pao, majeruhi mahali pao, wa kuharisha mahali pao, na wanawake wakawekewa sehemu yao peke yao. Palikuwa na jiko, chumba cha kutengenezea dawa, na mahali pa mkuu wa matabibu kusomeshea. Mgonjwa hakulipa chochote na hakuwekewa idadi ya siku. Alikaa mpaka apone. Akipona alitoka na sadaka na nguo. Akifariki, kuoshwa, sanda na mazishi vilikuwa juu ya wakfu. Wasomaji watakutana katika mitandao na namba za wagonjwa 8,000 kwa wakati mmoja. Kwa ukubwa wa kiwanja kile hatuoni vipi wangeenea, na kisa hakihitaji kutiwa chumvi.

Hati ya wakfu ndiyo iliyotufanya tuyaandike haya. Imeeleza vitanda, magodoro, mito na mashuka. Imeeleza mafuta ya taa ili mgonjwa asikae gizani. Imetaja vipepeo vya mkono vya ukili, wagonjwa wapepewe wakati wa joto. Imeeleza kuwa kila mgonjwa ale katika bakuli lake peke yake, asishirikiane na mgonjwa mwingine, na kwamba chakula kifunikwe njiani mpaka kimfikie. Hebu fikiria: sultani mwenye majeshi, aliyepigana na Wamongolia, na katika karatasi zilizoandikwa kwa jina lake na kushuhudiwa na makadhi, kuna sharti juu ya kifuniko cha bakuli!

Mtu akiumwa, hukereka kwa vitu vidogo. Nzi. Joto. Uji uliopoa. Taa iliyozimika saa nane za usiku naye macho kodo. Anayeuguza nyumbani anayajua haya, na aliyeandika ile hati aliyajua vilevile. Na kwa kuwa yaliandikwa katika wakfu, hayakuwa tena hisani ya mhudumu mwenye moyo mzuri siku ambayo moyo wake ni mzuri. Yalikuwa haki ya mgonjwa, na msimamizi alikuwa wa kuulizwa akiyapunguza.

Inafaa tueleze kidogo wakfu, maana vijana wengi hudhani ni msikiti na makaburi tu. Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi nzuri Khaybar, akamuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini nayo. Akaelekezwa aizuie asili yake na kuitoa sadaka mazao yake, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Huo ndio msingi. Kitu kinabaki, faida yake inakwenda kwa wanaohitaji, mwaka baada ya mwaka, hata mwenyewe akiwa kaburini. Qalawun aliiwakifia nyumba yake maduka, hamamu, nyumba za kupangisha na mali nyingine, zilizoleta karibu dirham 1,000,000 kwa mwaka.

Na huduma ilitoka nje ya mlango. Maskini aliyelala nyumbani kwake hawezi kuletwa, alipelekewa dawa, vinywaji na chakula huko huko. Al-Nuwayri, mwandishi aliyewahi kuusimamia wakfu huu mwanzoni mwa miaka ya 1300, anasema katika muda wake waliokuwa wakihudumiwa majumbani walizidi 200, mbali na waliokuwa ndani. Mtu huyu alikuwa karani, mtu wa hesabu na madaftari. Tunapenda kumfikiria asubuhi akipitia orodha ya majina: huyu mtaa fulani, sharbati; yule mtaa fulani, kuku. Si kazi ya kumpa mtu sifa mimbarini, lakini bila daftari lile kuku asingefika.

Mwaka 1326 akaingia Cairo kijana wa Tangier, Ibn Battuta, aliyeandika kuwa mwenye kuisifu nyumba hii hawezi kuyamaliza mazuri yake, na kwamba ilisemwa mapato yake ni dinari 1,000 kwa siku. Wasomaji wetu wanamjua, kwani ni huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, akamkuta Kilwa Sultani al-Hasan aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa. Anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani yule nguo alizovaa wakati akitoka swala ya Ijumaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa.

Kisa chake kingine kinahusu jambo letu zaidi. Mwaka ule ule wa 1326, akiwa Damascus, alimwona njiani kijana mtumwa aliyeangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Watu wakamzunguka. Mmoja akamwambia akusanye vipande ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Wakaenda pamoja, kijana akaonyesha vile vipande, akapewa pesa za kununulia sahani kama ile. Ibn Battuta anasema wakfu huo ulikuwa ni wa kuziunga nyoyo, kwa kuwa bwana wa kijana asingekosa kumpiga au kumkaripia. Hapa hakuna maradhi wala tabibu, kuna mtoto wa mtu aliyeingiwa na hofu. Mtu fulani tajiri, ambaye hata jina lake Ibn Battuta hakutuandikia, aliwahi kukaa akafikiri juu ya hofu hiyo, akatenga mali kwa ajili yake.

Waothmani nao walikuwa na yao. Katika bimaristan ya Sultani Bayezid wa Pili mjini Edirne, iliyojengwa katika miaka ya 1480, msafiri Evliya Çelebi aliwaona karne ya 17 wagonjwa wa akili wakiliwazwa kwa sauti ya maji, harufu ya maua, na wapiga muziki walioajiriwa kwa kazi hiyo. Juu ya ala za muziki wanazuoni wana maneno yao, na si mahali pake hapa. Tunachokiona ni kuwa kutoka kwenye mnyororo wa Damascus mpaka ua lililowekwa karibu na pua ya mgonjwa, umma ulikuwa umetembea.

Tusimsahau Ibn al-Nafis. Alisomea tiba Damascus, akahamia Cairo akawa bingwa wa matabibu, na ndiye aliyeeleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Alikuwa faqihi wa madh-hab ya Shafi'i pia. Imepokewa kuwa katika ugonjwa wake wa mwisho wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa kwenda kukutana na Allah ilhali una chembe mwilini mwake. Alifariki 1288. Hakuwa na mke wala watoto, na nyumba yake nzuri pamoja na vitabu vyake vyote akaviwakifia bimaristan ya Qalawun. Huyu hakumbebesha mtu jiwe.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa huku Burundi, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya Ujiji na Rumonge, na wale waliosilimu mikononi mwao?

Katika hospitali nyingi za kanda yetu mgonjwa hulala hospitali lakini huletewa chakula kutoka nyumbani. Ndugu ndiye anayempikia, anayemfulia, anayemgeuza ubavu, anayekimbia kununua dawa iliyoandikwa. Asiye na ndugu mjini, mtu wa kutoka mlimani au mkimbizi, hungoja jirani wa kitanda cha pili ambakishie. Huyu ndiye yule yule aliyechaguliwa na Bibi Rufaida. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wagonjwa waliokuwa wakizuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa, wakiwamo kina mama waliokwisha jifungua kwa operesheni. Walikuwa wamepona, hawawezi kutoka. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ilitangaza kuwa kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 yatakuwa bure, na hilo liliwaondolea wengi mzigo. Lakini kumbuka kule Cairo mgonjwa aliyepona alikuwa akitoka na nguo.

Mwanafunzi wetu mmoja aliwahi kutuuliza: "Ustadhi, nikikosa darsa la Jumamosi kwa kuwa nimekwenda kumfulia mgonjwa nguo hospitali, nimeandikiwa nini?" Tulimjibu kwa kisa cha hema. Kisha tukamwambia amlipie darsa lake siku nyingine, maana ualimu nao una haki yake.

Mitaani mwetu misikiti kadhaa ina vibanda vya kupangisha. Kodi yake hulipa umeme na maji, na mara nyingine posho ya imamu, na hivyo ni sawa. Tungependa kamati na wazee watufikirie hili: kibanda kimoja, kimoja tu, kiwakifiwe kwa sharti lililoandikwa, kodi yake iwe ni ya chakula cha wagonjwa wasio na mtu katika hospitali iliyo karibu, Muislamu na asiye Muislamu, kwani jirani ni jirani. Hati iseme chakula ni cha namna gani, kinapelekwa saa ngapi na nani, na nani ataulizwa kisipofika. Na iseme bakuli liwe na kifuniko. Akina mama wa Buyenzi wanajua kupika chakula cha watu 300 wa arusi bila jasho. Sufuria moja ya uji na ya wali wa mgonjwa haitawashinda. Kilichokosekana ni daftari la al-Nuwayri.

Ama nyumba ya Qalawun, yeye mwenyewe alifariki 1290 na kaburi lake lipo pale pale, ng'ambo ya ukumbi. Zama zilibadilika, mali za wakfu zikaliwa na wasimamizi wabaya, na Wafaransa walipoingia Cairo 1798 waliikuta imechakaa, wagonjwa wachache. Kumbi nyingi zimebomoka. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa hospitali ya macho katika kiwanja hicho hicho, na mpaka leo, katika njia ya al-Mu'izz, watu wenye kuumwa macho huingia hapo kutibiwa.